Uso Usionekane

"Mwanamume yule anatembea kwa miguu ya mwanangu," Mama Eulalia alisema bila kugeuka, akiendelea kupindua chapati za mahindi juu ya bati la moto. "Siku ya kwanza kumwona akipita hapo nje nilidondosha sahani. Wewe ulikuwepo. Leo unaniambia anataka kukuoa?"

"Ameniuliza tu, mama. Sijamjibu."

"Na kwa nini hujamjibu?"

"Nilitaka nikuambie wewe kwanza."

"Usinidanganye mimi. Hujamjibu kwa sababu hata wewe mwenyewe hujui unaolewa na nani."

Ofelia Quijada aliinamia kikombe chake cha kahawa.

Mama Eulalia Arvizu hakuwa mama yake wa kumzaa. Alikuwa mama wa Teo, na Teo alikuwa mchumba wake, na huu ulikuwa mwaka wa tano tangu Teo alazwe makaburini San Fernando. Ofelia alikuja katika nyumba ile kukaa siku za matanga. Siku zikaisha, akabaki. Hakuna aliyemwambia aondoke, wala yeye hakuuliza kama anaruhusiwa kukaa. Jioni walishona pamoja, Jumapili walikwenda kanisani pamoja, na katikati yao palikuwa na kiti ambacho hakikaliwi.

Kazi ya Teo ilikuwa kuanguka. Katika Studio za Pallister, kule Burbank, kulikuwa na nyota mmoja aliyeitwa Royce Tarrant, ambaye uso wake ulibandikwa kwenye kofia za watoto na maboksi ya vyakula vya asubuhi nchi nzima. Kila Royce alipotakiwa kuanguka farasini au kuruka kutoka juu ya paa, Royce alikwenda kukaa kivulini na Teo akavaa nguo zake. Studio ilimchagua Teo kwa sababu mabega yao yalilingana, urefu ulilingana, na hata mwendo ulilingana. Kamera ilimchukua kwa nyuma. Watazamaji waliambiwa Royce Tarrant hana mbadala, anaruka mwenyewe, nao wakaamini.

Lakini Royce naye hakuwa Royce. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Wendell Puckett, mtoto wa wakulima wa Oklahoma. Jina lile jipya alipewa na studio, pamoja na meno mapya. Huyu Wendell ndiye aliyekuja nyumbani kwao mwaka mmoja uliopita, kofia mkononi, kuwapa pole iliyochelewa miaka minne. Alikaribishwa kahawa. Wiki iliyofuata akarudi. Akatengeneza bomba la jikoni bila kuombwa. Akamfundisha Ofelia kuendesha gari. Taratibu, bila kutaka, Ofelia akaanza kusikiliza mlio wa gari lake kila ilipofika saa kumi na mbili.

"Nachelewa kazini," alisema, akambusu mama kichwani.

"Mkatalie," alisema Mama Eulalia. "Kwa heshima, lakini mkatalie."

*

Ofelia alikuwa mkata filamu, na mikono yake ilisifiwa Pallister nzima. Asubuhi ile alimkuta mkubwa wake, Bwana Lindqvist, akimsubiri mlangoni na saa yake ya mfukoni wazi.

"Quijada, nina kazi, na wewe ndiye ninayekuamini. Kituo cha televisheni kimenunua zile picha zetu za zamani. Jumapili wanaanza na Mnara wa San Tomás. Ni ndefu mno kwao, wanataka nafasi ya matangazo. Punguza dakika kumi na nane."

Ofelia aliposikia jina la filamu ile, alirudi nyuma hatua moja. "Hakuna mtu mwingine, bwana?"

"Wengine watanikatia kama wanachinja kuku." Kisha akakumbuka, akashusha sauti. "Najua. Najua, binti. Lakini ulisema wewe mwenyewe hujawahi kuitazama. Basi usiitazame. Itazame saa. Na ile picha ya kuruka kutoka mnarani usiiguse, ndiyo waliyoinunua. Watoto wote wa nchi hii wamejivunja mikono kwa kuiiga."

Studio ilikuwa imeiandikia familia kwamba Teo alikufa akifanya mazoezi ya filamu ile, kamera zikiwa zimezimwa. Ofelia aliishi na barua ile miaka mitano. Hakuwa ameiona filamu kwa sababu asingeweza kumwona mtu mwingine akivaa koti alilolivaa Teo, basi. Hakudhani kuna kingine cha kuogopa humo.

Alikata hadi saa tano. Alipofika kwenye mnara, akaona kipande kinachotangulia kimechanika, akaagiza aletewe kutoka ghalani mikebe ya picha za ziada atafute cha kuunganishia. Mikebe ikaja na vumbi lake. Mmoja ulikuwa na karatasi mbili zilizobandikwa, zimeandikwa kwa kalamu ya risasi.

Mnara, mara ya kwanza. Isitumike. Uso unaonekana.

Mnara, mara ya pili. Itumike.

Aliyasoma maneno yale mara tatu. Kisha akafunga mlango, akatia filamu katika mashine ya kutazamia na kuinama kwenye kile kioo kidogo.

Mtu alisimama juu ya mnara wa kengele, mgongo kwa kamera. Ofelia aliujua ule mgongo. Alikuwa amelala juu yake kwenye nyasi za bustani ya Griffith, alikuwa ameukanda kwa mafuta ya kafuri jioni baada ya kazi. Mtu yule akanyoosha mikono, akaruka. Akaanguka katika mkokoteni uliojaa nyasi kavu, akazama, nyasi zikaruka juu. Halafu akaibuka. Akageuka. Kofia imemtoka, nyasi zimejaa nywele, na jino lake la mbele lililovunjika ukingoni linaonekana wazi. Teo Arvizu, mzima wa afya, akicheka na watu waliokuwa nyuma ya kamera.

Ofelia alisimamisha mashine. Akaweka kiganja juu ya kioo, kama mtu anayepima homa.

Ya pili aliitazama akiwa amesimama. Mgongo ule ule. Mikono ile ile. Safari hii aliegemea kushoto zaidi ili asigeuke. Akapiga ukingo wa mkokoteni, nyasi zikamfunika, na hakuna kilichoibuka. Mtu mmoja akaingia pichani akikimbia, kisha weusi.

Hii ndiyo iliyokuwa katika filamu. Hii ndiyo waliyoipigia makofi. Walikata pale nyasi zinapomfunika, na baada yake wakaunganisha Royce Tarrant akitoka kwenye nyasi zile zile, akijipangusa mabega, akitabasamu.

*

Wendell alikuja saa ya chakula cha mchana, kama alivyozoea, na mfuko wa karatasi wenye machungwa. Alisukuma mlango kwa kiwiko. "Una dakika kumi za kula na mwanamume asiyejibiwa?"

Ofelia alimwonyesha kiti kilicho mbele ya mashine.

Wendell aliona mkebe. Mfuko ukamtoka mkononi, machungwa yakabingirika chini ya meza, na hakuna aliyeinama kuyaokota.

"Kaa," alisema Ofelia.

"Naijua, Ofelia. Sihitaji kuitazama."

"Mimi nilihitaji miaka mitano. Kaa."

Alikaa. Ofelia akaendesha ile ya kwanza. Mwanga wa kioo ulimcheza Wendell usoni; alitazama bila kupepesa, na Teo alipoibuka akicheka, akafumba macho.

"Ni nzuri au si nzuri?" Ofelia aliuliza.

"Ni nzuri."

"Aliumia popote?"

"Hapana."

"Basi nani aliyesema arudie?"

Nje kulipita kundi la wacheza ngoma waliovaa mavazi ya manyoya, wakicheka wakielekea kula. Wendell alisubiri wapite.

"Mwongozaji alikuwa ameridhika," alisema. "Alishaanza kuvaa koti lake. Mimi ndiye niliyesema uso unaonekana. Mkataba wangu ulikuwa unafanywa upya wiki ile ile. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kila mtu alikuwa ananiambia mimi ni mtu anayeruka mwenyewe. Nikaogopa. Nikasema, turudie."

"Teo akasemaje?"

"Ofelia..."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema, 'Royce, hata mara kumi nitaruka, lakini bia za leo ni zako.' Akapanda ngazi anapiga mluzi."

Ofelia alishika ukingo wa meza. Ilikuwa sauti ya Teo kabisa, mzaha wa Teo kabisa, umetoka katika kinywa cha mtu aliyekaa na mabega ya Teo. Kwa nukta moja chumba kilikuwa na watu watatu.

"Ulikuja nyumbani," alisema. "Ulikula kwenye meza ya mama yake. Ulitengeneza bomba!"

"Nilikuja kusema. Naapa. Siku ile ya kwanza nilikuwa na maneno yote hapa." Aligusa kifua. "Mama akanipa kahawa, wewe ukaniuliza kama naweka sukari. Nikasema nitawaambia wiki ijayo. Nilikuja kutubu nikakaa kupenda, na nilivyozidi kupenda ndivyo nilivyozidi kuwa mwoga."

"Usiniambie habari za kupenda!"

"Sina nyingine za kukuambia."

"Unajua nilikupendea nini, Wendell? Mgongo. Nilianza kuupenda mgongo wako kabla sijaujua uso wako. Unapoosha gari pale uani, mimi husimama dirishani nyuma ya pazia, na ninaowaona ni wawili. Nilijiambia itaisha. Nilijiambia nikikujua vizuri, yeye atatoka." Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Kumbe yeye hakuwa na pa kutokea. Ulikuwa umemfungia humu, kwenye mkebe."

Wendell aliuvuta mkebe karibu. Aliposema, alisema polepole. "Mkasi ni wako. Iweke."

"Niweke nini?"

"Ile ya kwanza. Toa ile nyingine, weka hii. Yote, mpaka anapocheka."

Ofelia alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Unajua unasema nini? Nchi nzima itaona si wewe. Wana tamthilia mpya wanakuandalia. Watakutupa siku hiyo hiyo."

"Watanitupa."

"Na mimi watanifukuza."

"Kwa hiyo siwezi kukuamulia. Nimeshawahi kuamua juu ya mgongo wa mtu mwingine." Alisimama. "Ila nakuomba kitu kimoja. Jumapili niache nije. Mama Eulalia akiuliza ni nani aliyesema turudie, nataka anisikie mimi mwenyewe."

"Sitaki kukuona, Wendell."

"Nitakaa nje ya geti."

Alipotoka, Ofelia alibaki na mashine yake. Saa nane na nusu alichukua mkasi. Alikata mara mbili, akapaka gundi, akabana, akahesabu hadi thelathini. Jioni Lindqvist alipitisha filamu mbele ya saa yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na kutia sahihi. Alikuwa ametazama dakika tu.

*

Jumapili saa kumi na moja jioni jua lilikuwa bado linawaka juu ya mashamba ya machungwa ya San Fernando. Mama Eulalia alikaa mbele ya televisheni na rozari mapajani, amekasirika.

"Niliapa sitaitazama filamu hiyo mpaka nife."

"Najua, mama. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Leo nakuomba."

"Na yule aliyeegesha gari pale nje ana nini? Amekaa humo tangu saa tisa kama mlinzi wa benki."

"Anasubiri."

"Anasubiri jibu lako?"

"La kwako, mama."

Filamu ikaanza. Ofelia hakuifuata hadithi; alifuata mikono ya mama, jinsi ilivyosukuma punje za rozari. Yakaja matangazo ya sabuni. Yakaja matangazo ya zile kofia zenye uso wa Royce. Kisha mnara ukatokea, na mtu juu yake, na mikono ya Mama Eulalia ikasimama.

"Huyo ni Teo."

"Ndiyo, mama."

"Ofelia, huyo ni Teo. Huyo ni..."

Teo akaruka. Mama akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa sindano. Nyasi zikaruka juu, zikamfunika. Kisha Teo akaibuka. Akageuza uso, akacheka na mama yake, na nyumba za nchi nzima zikamwona.

"Jino lake," alisema Mama Eulalia. Alikuwa ameshuka kitini, amepiga magoti mbele ya kioo, mkono hewani. "Alilivunja kwenye baiskeli. Tazama, jino lake."

Ilikuwa imeshapita. Royce Tarrant alikuwa akijipangusa mabega. Chumbani nyuma simu ilianza kulia. Ililia, ikakatika, ikaanza tena. Ofelia alijua ni Lindqvist, akaiacha ilie.

Mama Eulalia alizima televisheni. Aligeuka akiwa bado magotini. Hakuwa akilia. "Walituandikia kamera zilikuwa zimezimwa. Kama alitoka mzima pale, mwanangu alikufa lini?"

"Walimrudisha juu, mama. Aliruka mara ya pili."

"Kwa nini? Kulikuwa na kosa gani?"

"Uso wake ulionekana."

Mama alilitafuna neno lile. "Nani alisema?"

Ofelia alikwenda mlangoni, akaufungua. Hakuhitaji kuita. Wendell alikuwa ameshatoka garini, amesimama nje ya geti, na kupitia dirisha lililo wazi alikuwa amesikia kila kitu. Alipanda ngazi. Alivua kofia.

"Mimi, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyesema."

Ofelia alidhani mama atampiga. Alitamani ampige. Mama Eulalia aliinuka kwa kushikilia kiti, akamkaribia hadi akawa chini ya kidevu chake, akamtazama usoni kwa muda mrefu, mahali ambapo kwa mwaka mzima hakuwa amepatazama.

"Ulikuwa naye siku ile nzima?"

"Tangu alfajiri."

"Kaa." Alimwonyesha kile kiti kisichokaliwa. Wendell alisita. "Kaa, nimesema. Barua yao ilikuwa na mistari minne. Mimi nataka siku yote. Alikuja na nguo gani? Alikula?"

"Alikula, mama. Ulikuwa umemfungia tamale sita za mahindi, bado za moto kwenye maganda yake. Mbili alinipa mimi."

"Za nyama au za pilipili?"

"Za pilipili. Alisema wewe huweka chumvi kidogo ukiwa umekasirika."

"Nilikuwa nimekasirika. Alichafua viatu, akapita navyo jikoni." Mama alivuta kiti karibu. "Endelea."

Akaendelea. Alieleza farasi gani walikuwepo, upepo ulivumaje, Teo alimtania nani. Alieleza hadi mluzi kwenye ngazi, na wimbo ulikuwa upi. Alieleza na yaliyofuata, bila kujificha, na aliposhindwa mama alimpa maji akamwambia endelea. Ofelia alisimama ukutani. Mengine hakuwahi kuyajua: kwamba Teo siku ile alikuwa na pete mfukoni, imefungwa ndani ya leso, na alimwonyesha kila mtu, hadi mpishi.

Jua lilikuwa linagusa miti walipomaliza.

"Sijakusamehe," alisema Mama Eulalia.

"Najua, mama."

"Pengine sitakusamehe. Sijui. Nenda nyumbani."

Ofelia alimsindikiza hadi ngazini. Wendell alisimama akichezea ukingo wa kofia. "Sitakuuliza lile swali tena," alisema. "Kesho sitakuwa na kazi, wala jina. Nitakuwa Puckett tu."

"Na mimi nitakuwa nyumbani nashona," alisema Ofelia.

Wendell alishuka ngazi. Alivuka ua, mabega yale, mwendo ule, na mwanga wa jioni ukimpiga kwa mbele hata hakubaki na chochote ila umbo. Alipovuka geti, sauti ya Mama Eulalia ikasikika kutoka jikoni, kali kidogo, sauti ya mtu anayefikiria mambo mengine.

"Teo! Funga geti vizuri, mbwa atatoka."

Hawakuwa na mbwa tangu mwaka ule Teo alipokufa.

Wendell alisimama. Ofelia aliona mgongo wake ukikakamaa, kisha ukalegea.

"Ndiyo, mama," aliitikia.

Akarudi. Akavuta geti, akasukuma komeo mpaka mwisho, na mkono wake ukabaki pale pale juu ya chuma, kichwa kimeinama, mabega yakimtikisika.

Ofelia alishuka ngazi. Alivuka ua bila viatu, akafika getini, akaweka mkono wake juu ya ule mkono.

"Wendell," alimwita. "Wendell, nitazame."

Akainua uso.